Nilimwomba Daktari Siku Moja, Akanipa Saba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla hujasoma zaidi naomba pia ukae kitako, kwa sababu jambo lenyewe mwanzo wake utacheka na likifika katikati hutacheka tena, hata mimi mwenyewe nililianza kwa kucheka.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nimeolewa, na kazi yangu ni kupokea simu katika ofisi ya maji, yaani maji yakikatika kwako anayetukanwa ni mimi. Kuanzia saa mbili asubuhi navaa hedifoni nasema pole kwa usumbufu, naomba namba ya mita, pole kwa usumbufu, fundi yuko njiani, hata kama fundi mwenyewe namwona dirishani anakunywa chai, na nikirudi nyumbani mama mkwe ananiita, mume wangu ananiita, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunaishi naye na tunafanya kazi ofisi moja, ananisimulia upya mambo ya ofisi niliyotoka kuyaacha nusu saa iliyopita. Mshauri, nilichoka masikio. Nilitaka siku moja tu ambayo hakuna mtu ataniambia chochote, na siku yenyewe ikajileta, maana Alhamisi mama mkwe alipanga kwenda kuwatembelea ndugu zake, mume wangu kazini, wifi kazini, nyumba tupu. Nilishajiona kitandani na pazia limefungwa, hakuna anayelitaja jina langu.

Lakini ofisini kwetu siku moja haitoki hivihivi. Msimamizi wetu ana kauli yake, asiye na cheti cha daktari hajaumwa. Mwenzangu wa meza ya jirani ndiye aliyeniambia kwamba siku hizi huna haja ya kupanga foleni, wapo madaktari wanaokutazama kwenye simu kwa video, na cheti wanakitupia hapohapo kwa mwajiri wako. Basi Jumatano jioni nikajifungia chumbani, nikajifunga skafu shingoni, nikakaa ukingoni mwa kitanda na kupiga. Ugonjwa niliouchagua ni kukauka sauti, niliona ni mwepesi, hauna homa wala kipimo.

Akatokea daktari kijana, mpole, mwenye koti jeupe. Akaniambia nifungue mdomo niusogeze kwenye kamera, nikaufungua mpaka kioo cha simu kikaingia ukungu. Akauliza kazi yangu ni ipi, nikamnong'oneza kwamba napokea simu. Mshauri, uso wa yule kijana ulibadilika kama vile nimemwambia nabeba mawe kwa koo.

"Siku saba," akasema. "Usiseme neno hata moja. Na usinong'one pia, kunong'ona kunalichosha koo zaidi. Ukitaka kitu, andika."

Nikataka kumwambia jamani daktari, siku moja inanitosha, lakini ningemwambia kwa sauti gani? Nikainua kidole kimoja. Akadhani nauliza swali, akasema, "Ndiyo, mara moja kila siku, maji ya chumvi ya uvuguvugu, unasukutua." Nikakiinua tena kile kidole, nikakitikisa. Akanipungia mkono, akakata.

Dakika kumi hazikupita wifi akabisha hodi, simu mkononi. Nilisahau kukwambia kwamba wifi yangu ndiye karani wa utumishi, vyeti vyote vya wagonjwa vinapitia kwake. Kwa siku moja niliamini naweza kumdanganya. Kwa siku saba, tena nyumba moja, sikuwa nimejipanga. "Wifi, mbona hukusema unaumwa!" akasema, kisha akajishika mdomo kwa huruma. Kesho yake akakichapisha kile cheti, akakibandika kwenye mlango wa friji, akaninunulia daftari na kalamu, akatangaza kwamba atakayenisemesha mpaka nijibu kwa mdomo atakutana naye. Na mama mkwe akafuta safari. "Niende wapi na mgonjwa ndani?" akasema. Siku yangu ya peke yangu ikaishia hapo.

Sasa mama mkwe, sijui kwa nini, alichukulia kwamba mtu asiyesema pia hasikii. Alikuwa ananisogelea mpaka puani ananipigia kelele, "UNATAKA CHAI?" nami naandika kwenye daftari "Asante mama, ndiyo", naye halitazami, anapiga tena kelele. Nikaona ni dharau. Nilishazoea, kwa sababu miezi mingi sasa yule mama kila nikirudi kazini ananitupia sinia la mchele nichambue mawe, hata viatu sijavua, na yeye amekaa tu, na nimeshamlalamikia mume wangu mara ngapi kwamba mama yako ananifanya kijakazi.

Lakini kuna kitu kilianza kutokea. Watu wakaanza kuniambia mambo. Mume wangu akakiri kwamba pasi yangu haikuharibiwa na umeme, aliiangusha yeye. Wifi akakaa kitandani kwangu akaniambia ana miaka miwili hajachukua likizo, anamwogopa msimamizi kuliko mimi ninavyomwogopa, na kwamba ananionea wivu kidogo kwa kuumwa kwangu. Na siku ya tano, Jumatatu, mama mkwe akaleta sinia la mchele, akaketi karibu yangu, na safari hii hakupiga kelele.

"Mwanangu," akasema, "wewe huwezi kusema, ndiyo maana nakwambia. Hili jicho la kulia halioni tangu mwaka jana. Na la kushoto linaingia ukungu. Mchele nakupa wewe kwa sababu mawe siyaoni."

Mshauri, nililivuta lile sinia nikaanza kuchambua. Akaniambia nyumba anaitembea kwa kuhesabu, hatua tisa mpaka jikoni, ngazi tatu mpaka uani. Akaniambia dada yake mkubwa alipowaambia wanawe kwamba haoni, walimtoa jikoni siku hiyohiyo wakamkalisha kwenye kiti sebuleni, na hakuinuka tena kwenye kile kiti kufanya la maana mpaka alipofariki. "Sitaki kuwekwa kitini," akasema. "Mwanangu akijua atanipenda mpaka anikalishe." Kisha akanipapasa goti, akaondoka akihesabu. Niliona aibu, mshauri. Yale yote niliyokuwa nimeyaita dharau yalikuwa ni macho.

Kesho yake nilikuwa nimekaa uani naota jua, na mama mkwe akatokea mlango wa jikoni na birika la maji ya moto, ya kusukutulia hili koo langu lisilo na ugonjwa wowote. Kwenye ngazi ya pili kulikuwa na beseni la nguo, nililiacha mimi. Yeye anahesabu tu, moja, mguu unakwenda kwenye mbili. Nilipiga ukelele nadhani mpaka ofisi ya maji walinisikia. "Mama, simama! Beseni!" Akasimama, birika likamponyoka, maji yakamwagika kando, hakuungua mtu. Akageuza uso upande wangu.

"Kumbe unasema," akasema.

Nikamweleza yote palepale, nikalia, nikamwambia mama twende hospitali nikushike mkono. Akasema hapana. Akasema, "Haya. Wewe una lako, mimi nina langu. Ukilifungua langu, nami nalifungua lako kwa binti yangu, huyo karani wenu wa utumishi. Tukae hivyohivyo."

Basi tumekaa hivyohivyo, na hii ni wiki ya pili tangu nirudi kazini. Jana alimimina chai pembeni ya kikombe, mume wangu akacheka akasema mama umezeeka, naye akacheka, mimi peke yangu sikucheka. Nikisema, nafukuzwa kazi na mama mkwe ananichukia. Nikinyamaza, atapofuka nikimwangalia. Niambie nifanye nini.

Mimi,
Mwenye Koo Zima

*

Mwenye Koo Zima,

Nimekaa kitako kama ulivyoniomba, na nimecheka, hasa pale pa kidole. Sasa nimemaliza kucheka, nisikilize.

Ulichofanya ni uongo, tuanze na hilo tulimalize. Ulimwonyesha daktari koo zima, naye akakuamini kwa moyo wake wote, na kwa muda aliokutazama wewe kuna mtu mwingine alikuwa anasubiri kwenye simu na koo lake kweli linawaka. Najua ulichoka. Ningevaa hiyo hedifoni yako kwa wiki moja huenda ningesingizia kukauka sauti, masikio na miguu kwa pamoja. Na huyo msimamizi wenu anayeona mtu hachoki mpaka daktari aandike, naye ana sehemu yake katika jambo hili, nami natumaini analisoma gazeti hili leo na chai inampalia. Lakini yeye hakukuandikia barua, uliyeandika ni wewe, kwa hiyo nakusema wewe.

Sasa unaniuliza uchague kazi yako au macho ya mama mkwe wako. Mwanangu, hivi kweli hilo ni swali? Umeliandika kurasa ngapi hizi ili mtu mwingine akupe jibu ambalo ulishalitoa mwenyewe pale uani? Ulipoona mguu wake unakwenda kwenye beseni, ulikaa ukapima kazi kwanza? Ulipiga kelele. Beseni lile bado lipo njiani, isipokuwa sasa ni kubwa zaidi, na wewe umefunga mdomo, safari hii bila cheti.

Usimwone huyo mama kama mtu anayekutisha. Ni mtu anayeogopa. Angetaka kuificha siri yake kabisa asingekuja kukaa karibu yako na sinia. Mwaka mzima amebeba jambo hilo peke yake, na siku ya kwanza aliyopata mtu wa kumsikiliza bila kumkatiza, akalitua. Ulikuwa unatafuta siku ya kutoambiwa neno, ukaambiwa neno kubwa kuliko yote uliyowahi kuambiwa kwenye hiyo simu yako ya ofisini. Usilipoteze.

Basi fanya hivi, na ufanye leo. Wifi yako akirudi kazini, mkalishe, umwambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako kwamba hukuumwa. Usizungukezunguke. Mwambie ulichoka, ulidanganya, na uko tayari zile siku saba zikatwe kwenye likizo yako ya mwaka. Atanuna, ana haki ya kununa, alikununulia daftari. Lakini mtu ambaye miaka miwili hajapumzika anajua unachosema, na lile daftari lina kurasa zilizobaki, tumia mojawapo kuandika barua ya kukiri kwa ofisi. Huenda ukapewa onyo. Huenda ukapewa zaidi ya onyo, siwezi kukuahidi. Ukiogopa, kumbuka mama aliyebeba birika la maji ya moto kwa ajili ya koo lako huku haoni anakokanyaga.

Lako ukishalifungua mwenyewe, nenda kwa mama. Mwambie, "Mama, langu nimeshalisema, halipo tena la kunishikia. Lako sijalisema. Nataka tulipeleke hospitali mimi na wewe." Na hospitali ninamaanisha kwa miguu, chumba chenye daktari wa macho na taa yake, siyo tena kufungulia watu mdomo kwenye simu. Huyo kijana mpole unaweza kumpigia umwombe radhi, na umuulize umpeleke mama wapi. Mimi si daktari, lakini najua kwamba ukungu wa macho ya uzeeni mara nyingi unaondoka ukiwahiwa, na kuna mwingine ukichelewa hauondoki. Huyu mama ameshachelewa mwaka.

Akikataa, mpe siku tatu, umwambie wazi kwamba ni tatu na kwamba ya nne utamwambia mwanawe. Ikifika ya nne, sema. Atakukasirikia. Afadhali akukasirikie huku anakuona.

Na mumeo, huyo mvunja pasi, mweleze mapema kwamba hakuna mtu atakayekalishwa kitini. Chai anaweza kuimimina kwa kugusa ukingo wa kikombe kwa kidole, anaweza kufundishwa. Kingo za zile ngazi tatu zipakeni rangi nyeupe Jumamosi hii, na wewe mwenye mabeseni ujifunze kuyaondoa. Iwe ataona au hataona, jiko ni lake mpaka aseme mwenyewe kwamba limemchosha.

Siku yako ya kupumzika iombe kwa jina lake. Andika kwenye fomu, "Nimechoka." Wakikunyima, omba tena, na safari hii mwombe wifi yako mwende nayo pamoja.

Jioni ya leo ukivua viatu, au hata kabla hujavivua, sinia la mchele litakuja. Lipokee kwa mikono miwili, mvutie mama kiti karibu yako, chambua mawe yote. Na umsemeshe. Siku zako saba zimekwisha.