Kwa Baba, Kinyozi Aliyekuwa Waziri

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu asubuhi ile moyo wako uliposimama ukiwa unafunga tai ya kwenda kwenye kikao cha mawaziri. Mama amekataa kuandika tangazo hili la kumbukumbu gazetini. Anasema akishika kalamu atakusifu tu, kwa hiyo kaniachia mimi, binti yako mkubwa, mwenye mdomo.

Naanza na sifa, maana unazo. Ulikuwa kinyozi kabla hujawa mheshimiwa, na hata ulipochaguliwa kuwa mbunge hukuitupa mashine. Kila Jumamosi ulirudi jimboni, ukafungua duka lenu wewe na Baba Mdogo, ukanyoa. Ofisi ya mbunge ilikuwa na kiyoyozi na haikuwa na watu. Watu walikuwa kwako, kwenye benchi.

Ulimnyoa mtu nusu kichwa, ukazima mashine, ndipo ukauliza, "Haya, nini kinakusumbua?" Nani angeondoka na nusu kichwa? Hata mabubu walipata kauli. Wanawake walikaa pembeni wakicheka, kisha nao wakasema yao. Jumatatu ulikuwa ushawasumbua wakubwa kwa simu, mpaka bomba la mtaa wa chini likatoa maji.

Kisha ukaanza kupanda. Naibu waziri, na kabla hatujalizoea neno hilo, waziri kamili. Tulifurahi, nisijifanye mtakatifu. Mama alishona gauni la siku ya kuapishwa kwako, na mimi nikawa natembea kama barabara ni ya kwetu.

Lakini Jumamosi zako zililiwa na vikao na safari, na jimbo hukutaka kuliachia. Ndipo ukabuni lile la simu. Baba Mdogo aiweke kwenye kiti chako, sauti juu kabisa, watu waseme, wewe usikilize huko huko uliko. Mwanzoni walichekelea. "Leo tunainyoa simu," Baba Mdogo akawatania. Walisimama mbele ya kiti wakaieleza simu shida zao, nayo ikajibu, "Nimesikia, nitalifanyia kazi." Baadaye ikawa "Nimesikia" tu. Bomba likakauka tena.

Jumamosi moja zamu ilikuwa ya mama anayefagia shule ya msingi. Alikuwa anakueleza kwamba choo cha wasichana kimetitia, na watoto wanajibana mpaka warudi nyumbani. Hukujibu. "Mwanangu, unanisikia?" akauliza. Ndipo tukaisikia sauti yako, ukimwambia msaidizi wako, "Waache waongee. Wakichoka watanyamaza."

Ulidhani umejizima sauti. Duka zima lilisikia.

Nilikuwa pale nafagia nywele, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Yule mama alijifunga kitambaa chake vizuri, akaiinamia simu, akasema kwa adabu zote, "Basi, baba, nimeshachoka." Akatoka. Wengine wakamfuata, hata yule aliyekuwa amenyolewa upande mmoja. Baba Mdogo alibaki na mashine inanguruma mkononi.

Hukuyajua haya. Wiki iliyofuata ulikuja mwenyewe, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Ulivaa koti lako jeupe la kazi, ukasimama mlangoni, benchi tupu. "Watu wako wapi leo?" ukauliza. Mama, ambaye nilishamsimulia yote, akajifanya anakunja taulo. Baba Mdogo akasema kuna msiba mtaa wa pili. Hapakuwa na msiba, Baba. Ulingoja mpaka dereva akapiga honi, na mwezi haukwisha ukatutoka.

Mazishi yako yalijaa magari ya serikali. Viti vya watu wa jimboni tulivijaza ndugu, kamera zisione vitupu. Tangu hapo tukisalimiana na majirani tunatazama viatu vyao. Tunaona aibu kwa ulichosema. Tunaona aibu zaidi kwa sababu tulikunyima nafasi ya kukiombea radhi. Tunakujua, ungeomba. Ungepita mlango kwa mlango na koti lako jeupe, na yule mama ungemwendea kwanza. Lakini tuliuogopa uwaziri wako, tukakuacha uondoke ukiamini bado unapendwa.

Kwa hiyo tunakujibu leo, mbele ya kila anayesoma. Uliuliza watu wako wapi. Walikuwa majumbani mwao, Baba. Walikusikia.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anapiga pasi mashati yako. Na mdogo wako, anayenyoa bila kuuliza mtu kitu. Na mimi na wadogo zangu. Na shangazi zetu wote. Mama wa shule tulimwendea nyumbani, tukamwomba radhi kwa niaba yako, tukamwomba pia tumwandike hapa pamoja nasi. Alitukaribisha viti, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bado."

Hatutakusahau kamwe, Baba. Na wao hawajasahau.