Jaji Aliyetunyima Shamba

St Marys, Sydney

Mjukuu wangu Mghoi,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Shangazi yako bado ana zamu ndefu hospitalini Westmead, na wanawe nikiwasemesha hunijibu kwa Kiingereza.

Uliniuliza kwenye simu, "Nyanya, mbona unawasihi wabunge wa huku Kenya wamwidhinishe huyo mama awe Jaji Mkuu, na ndiye aliyetunyima shamba?"

Nilikuwa msichana nilipomsindikiza mama yangu mahakamani. Huyo jaji alikuwa hakimu kijana. Mama alipoanza kujieleza kwa Kitaita, wakili wa jirani yetu alicheka. Hakimu akamnyamazisha wakili huyo, akaita mkalimani, akamsikiliza mama mpaka akamaliza. Kisha akaamua kwamba shamba ni la jirani, akatueleza sababu taratibu. Taabu tulizopata bila shamba tuziache.

Njiani nililia. Mama akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Leo nimesema yote, na hakuna aliyenikatiza."

Basi nimewaandikia wabunge hayo hayo. Wengi wanaomsifu walishinda kesi mbele yake. Mimi nimewaambia kwamba sisi tulishindwa, na bado namtaka.

Nyanya yako akupendaye,
Mkamburi