Posa Iliyoachwa Barazani

Mpendwa Shangazi Ebun wa gazetini, nakuandikia nikiwa nimefunga madirisha ya mbele siku ya sita sasa, maana majirani hapa Murray Town wanapita polepole makusudi, wanachungulia baraza langu na kile kibuyu cha posa kilichokaa pale, nami siwezi kukigusa wala kukitupa, naomba unisaidie kabla sijapata wazimu.

Mimi ni mjane, Krio wa kuzaliwa, watu wa mjini hasa, nyumba yetu ya mbao ina miaka mia na kitu, marehemu babu yangu alikuwa mchungaji na kofia yake ya hariri ningali nayo, na nina mtoto mmoja tu, Iyamide, nesi, ambaye kati ya wanaume wote wa Freetown kaniletea Sorie Conteh, mpima ardhi, Mtemne, tena Mwislamu, ambaye watu wake wametoka bara juzi tu na vikapu vya mchele kichwani, sisemi ni kijana mbaya, adabu anayo, lakini Shangazi, wajukuu wangu mimi waitwe Conteh?

Basi nikanyamaza. Jumamosi wakaja kuposa, kina mama kumi na wawili wamevaa sare, mbele yupo mama yake, Ya Bomporo, muuza samaki wa kukausha, kibuyu kichwani, na msemaji wao Pa Santigie, wakabisha hodi wakasema wameona waridi bustanini kwetu wanataka kulichuma, nasi kama ilivyo desturi tukawatolea binti wa kwanza, siye, wa pili, siye, tukawatolea hata shangazi yangu Remi wa miaka themanini na mbili asiye na jino hata moja, watu wakavunjika mbavu, na mpaka hapo ulikuwa ni mchezo wetu wa siku zote. Lakini Iyamide sikumtoa. Nilikuwa nimemfungia chumbani kwa ufunguo, nikasimama mlangoni nikawaambia waridi letu halichumwi na mtu asiyeweza kunitajia vizazi vitatu vya ukoo wake vilivyozaliwa mjini hapa.

Pa Santigie alicheka mpaka akashika nguzo. “Mama, unatuweza! Vitatu tu? Mimi nakutajia saba, na mbuzi wetu nao nawaweka ndani!” Wakaimba, wakacheza, nami nikarudia, wakacheka zaidi, wakaongeza kokwa za kola kwenye kibuyu wakidhani nataka kubembelezwa, na ndivyo tulivyokwenda kwa saa tatu juani, Shangazi, watu wananichekea na mimi sina mzaha hata chembe, mpaka Ya Bomporo akanitazama usoni, akawageukia wenzake akasema, “Nyamazeni. Huyu mwenzetu hachezi.” Akatua kibuyu barazani. Akaniambia, “Dada, hiki ni cha mtoto wako, sirudi nacho.” Wakaondoka.

Iyamide akatokea dirishani, viatu mkononi, akawafuata. Sasa amenitumia ujumbe kwamba harusi ni Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, huko Kissy kwa kina Sorie, na Ya Bomporo ndiye atakayesimama mahali pa mama yake. Mahali pangu! Nifanyeje mwanangu arudi nyumbani bila mimi kujidhalilisha mbele ya watu wale, na hicho kibuyu nikipeleke wapi?

Mimi mwenye uchungu, Murray Town.

*

Mama wa Murray Town, pole. Hiyo pole ni moja, itunze vizuri, sina nyingine.

Saa tatu! Watu wamesimama juani kwenye ngazi zako, wamevaa wakapendeza, wanakufanyia hisani ya kudhani una utani, na wewe moyoni unawahesabia vizazi. Hukuona haya hata pale walipokuongezea kola? Mchezo wenye furaha kuliko yote tulioachiwa na wazee wetu, wewe umeutumia kumfungia mtu mlango.

Haya, twende kwenye hivyo vizazi vitatu. Babu mchungaji nimemkubali, pamoja na kofia yake. Na baba wa babu je? Mbona huyo hukumtaja? Nitakutajia mimi. Huyo alishushwa hapa ufukweni na manowari iliyokuwa ikikamata meli za watumwa, hana nguo, hana neno la Kiingereza, akaandikwa daftarini kwa jina la mzungu wa kwanza aliyemjia karani kichwani. Na wale waliomtangulia mjini, weusi wenzake walioachwa huru, waliotoka Nova Scotia na Jamaica na makoti yao, unadhani walimpigia vigelegele? Walimwita mshenzi. Hawakutaka hata kukaa naye benchi moja kanisani. Miaka arobaini haikupita, watoto wao wakawa wanawaposa watoto wake. Ukrio ndio huo, mama. Watu wasiojuana waliotupwa pwani moja wakala sufuria moja, wengine wakiwa wamenuna. Ukrio mwingine sijawahi kuuona, na mimi nimezeeka humuhumu mjini.

Jina la Iyamide ulilitoa wapi, kwa Malkia? Ni la haohao Waaku, Wayoruba walioshushwa melini. Na kola unayoitafuna kwenye matanga inatoka bara, kwenye vikapu hivyohivyo unavyovicheka. Halafu nyumba zetu hizi za mbao, nani alikuwa akizifagia na kuzibebea maji? Watoto wa Kitemne na Kimende walioletwa kulelewa, wakabatizwa, wakapewa majina yetu, wakaoa na kuolewa humo ndani. Simama kanisani Jumapili uwahesabu. Benchi lako liache la mwisho, usije ukazirai kabla ya sadaka.

Na ndani ya kibuyu kuna nini? Usinidanganye kwamba hukuchungulia. Kuna pete, kuna sindano na uzi, kuna kola, na kuna Biblia. Waislamu wamekwenda dukani kumnunulia mtoto wako Biblia! Desturi yako wanaijua kuliko wewe, maana wao walijua kwamba mwishowe bibi harusi hutolewa.

Unataka mwanao arudi bila wewe kujidhalilisha. Hilo halipo. Umemfungia chumbani mwanamke mzima, nesi, mtu anayewachoma wanaume sindano wakalia. Sasa sikiliza. Alhamisi asubuhi, maana Ijumaa wenzako wana sala, vaa gauni lako refu la heshima, jitwike hicho kibuyu wewe mwenyewe, usimpe mtu akubebee, ushuke mtaa mzima majirani wakuone wasichoke kuchungulia bure. Ukifika Kissy, bisha hodi. Wakikutolea wasichana wasio wako, cheka. Wakikutolea bibi asiye na meno, mkumbatie. Wakikuacha juani, simama. Wakikuuliza umefuata nini, kofia ya babu usiitaje kabisa. Sema umekuja kumwomba radhi mwanao na mama mwenzako, kisha ufunge mdomo.

Kama huwezi, baki na madirisha yako, hakuna atakayekulazimisha. Lakini tarehe ishirini na nne Iyamide atakaa kwenye kiti afungwe kilemba cha harusi, na hiyo ni kazi ya mama. Ya Bomporo nimewahi kumwona akifunga. Anafunga vizuri sana.