Picha Niliyoihamisha Mwenyewe

Mdogo wangu, wameufungia ukurasa wa duka la mwanetu! Wanasema umeweka picha ya utupu, na kidole kilichoiweka ni hiki hiki kinachoshika kalamu.

Haya, ngoja nipumue, nimeanza kama mtu asiyefunzwa salamu. Hujambo? Shemeji je, goti lake limeacha kulalamika? Sisi miili ni mizima, ila moyo wangu unakwenda mbio tangu juzi.

Unajua binti yangu anashona sidiria za wanawake waliokatwa titi kwa saratani. Nitamsifu mpaka unichoke: ukiivaa, hata mumeo akitazama kutoka mlangoni hatajua. Wanamwandikia kutoka nchi nisizoweza kuzitamka, na kichwa kile nimekizaa mimi niliyeacha shule mapema!

Ana blogu, na ana ukurasa wa wazi mtandaoni. Kwenye blogu anaonyesha kila kitu, kovu na yote, kwa sababu aliyekatwa anataka kujua nguo itamkaaje. Lakini kabla hujaingia unaulizwa umri, na picha zimetiwa ukungu mpaka ubonyeze mwenyewe. Ukurasa wa wazi ni nguo juu ya sanamu tu. Alinieleza mara tatu, nami nikamjibu kwamba mama yake si mjinga.

Juzi akaenda kununua vitambaa, akaniachia simu ya duka. Mwanamke mmoja akauliza pale hadharani kama sidiria itamkaa mtu aliye bapa upande mmoja. Nikaona maneno hayatoshi. Nikachukua picha ya blogu, kifua kitupu chenye kovu, uso hauonekani, nikaiweka pale pale pamoja na maua matatu ya kwenye simu. Nikakaa nikingoja pongezi.

Chai haijapoa, ukurasa ukazimwa. Wafuasi elfu sita, puu! Binti aliporudi alikaa juu ya majora ya vitambaa, hakunifokea. Afadhali angefoka. Amewaandikia wenye mtandao, hawajajibu.

Kumbe hayo yalikuwa mvua za rasharasha. Picha ilishafika kwenye kundi la familia, lile ulilolikimbia kwa ugomvi wao. Kaka yako, yule anayenifuata mimi, mwenye chumba cha duka, akaandika kwamba hakutoa chumba chake kwa uchafu, na Jumamosi anataka funguo zake mbele ya wote. Binamu yetu fundi bomba akatia mzaha kwamba sasa ameelewa kwa nini duka lina pazia zito. Kisha kaka akauliza huyo mwanamke asiye na haya ameokotwa wapi. Binti yangu akajibu kwamba hawezi kumtaja, na kwamba aliyekosea kuiweka picha ni yeye. Yeye! Niliposoma, nikakaa kwenye ngazi.

Sasa kaa na wewe, maana hili siwezi kulisema kwa simu. Kifua kile ni changu. Mwaka juzi nilipowaambia nimepasuliwa uvimbe wa tumbo, nilidanganya. Walikata titi la kushoto. Nimezoea kutazamwa kwa wivu, mdogo wangu. Nikaogopa mtanitazama kwa huruma. Sidiria ya kwanza, nyekundu, aliishona kwa ajili yangu, akinipima huku machozi yanamdondokea kwenye utepe. Picha nilimruhusu, kwa sharti kwamba asinitaje kwa yeyote. Kwa sharti hilo ametukanwa siku mbili, mdomo ameufunga. Na kaka anayemtafuta mwanamke asiye na haya, mwanamke huyo ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mtoto.

Funguo hazitoki. Nitasimama niseme mwenyewe, nimevaa gauni langu la bluu na ile sidiria nyekundu ndani yake. Nisamehe kwa kukuficha. Ukitaka kulia, lia huko kabisa, uje ukiwa umemaliza, maana nitahitaji mtu wa kunishika mkono.

Barua hii anakuletea jirani yangu anayekuja huko kesho. Nisalimie shemeji na watoto wote, na mkwe wako mkimya.

Dukani kwa mwanetu, sote, Jumamosi hii, saa nne asubuhi.

Dada yako mwenye maneno mengi