Wanataka Kujua Mlima Wetu

Mbarara, 22 Februari 2025

Babu mpendwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Kifua chako kinasemaje wakati huu wa vumbi? Mimi mzima, ila bwenini tunakula ugali wa posho na maharage, kesho maharage na posho.

Ulisema nikuandikie kila wiki mambo tuliyojifunza. Hesabu ni sehemu. Sayansi ni safari ya chakula tumboni. Maarifa ya jamii ndiyo yamenoga: tunasoma habari za Wamaori, wenyeji wa kwanza wa Nyuzilandi. Wana ngoma ya kupiga mapaja, kutoa ulimi na kukodoa macho. Shanitah, mwenzangu wa dawati, mtoto wa mwanajeshi wa barakisi, ile kambi ya jeshi ya jirani, alikodoa mpaka akalia. Wakisalimiana wanagusanisha pua na paji la uso. Na wana desturi ya kujitambulisha iitwayo pepeha: kabla ya jina lako unataja mlima wako, mto wako na watu wako.

Mwalimu wetu, Madam Goreti, anataka kila mmoja atayarishe yake. Atatupiga video, iende kwa wanafunzi wa huko. Babu, mlima wetu ni upi? Na mto?

Mjukuu wako,
Nathalie

*

Nakivale, 26 Februari 2025

Mjukuu wangu,

Amani iwe nawe. Kifua kinakohoa, lakini kinapumua. Elisée, yule kijana wa jirani, aliniletea barua yako alipotoka kuuza mahindi Mbarara, na bahasha niliikuta imefunguka kidogo pembeni. Anaapa ni jasho lake.

Nikueleze kwanza. Nilipokuwa mwalimu nilisoma habari za Wamaori. Babu zao walifika visiwani kwa mitumbwi mikubwa, na mlima kwao ni kama mkubwa wa ukoo, ndiyo maana anatangulia. Desturi nzuri sana, huko kwao.

Sasa nijibu. Video hiyo itakaa kwa nani? Nani mwingine ataitazama? Kwa nini mlima utangulie jina? Nathalie, hili sijawahi kukueleza. Baba yako alisimamishwa barabarani na watu wenye bunduki. Hawakumwuliza jina. Walisema, "Weye ni mutoto ya kilima gani?" Akawajibu kwa sentensi kamili, kama mtu aliyesoma. Hakufika nyumbani.

Wiki hizi wakimbizi wapya wengi wanaingia kambini kutoka kwetu Kongo, na sijui nani amemfuata nani. Kwa hiyo sema hivi: umezaliwa Ngarama, hapahapa Uganda, mlima wako unaitwa Rwakabira, mto wako ni Kagera. Ukiulizwa zaidi, kohoa.

Babu yako,
Nehemiya

*

Mbarara, 8 Machi 2025

Babu,

Natumaini unaendelea vizuri na unakunywa maji ya moto. Nililia kwa ajili ya Baba, nikamwambia Shanitah ni jino.

Kwenye mazoezi ya video nilisema kama ulivyonifundisha. Madam alinisifu. Lakini siku ya wazazi Shanitah alinivuta mkono mpaka kwa baba yake, Afande Twinomujuni. "Taata, huyu ni wa kwetu Ngarama!"

Afande alifurahi. "Kweli? Wewe mtoto ya nani? Nyumba yenu iko upande gani?"

Nikakohoa.

"Mlima yenu je?"

"Rwakabira."

Akakuna kichwa. "Rwakabira? Mimi nimechunga ng'ombe Ngarama yote. Hiyo mlima sijaiona. Labda ilimea juzi na mvua."

Watu walicheka. Sasa darasani naitwa Mlima wa Juzi. Shanitah amehamia dawati lingine, na wapo wanaosema nimetumwa kupeleleza barakisi. Afande alimwuliza Madam nakaa na nani likizo. Madam akamwambia nakaa nawe, Nakivale.

Mjukuu wako,
Nathalie

*

Nakivale, 12 Machi 2025

Nathalie,

Salamu ni fupi leo, afya ni hiyohiyo. Ndivyo wanavyoanza: kucheka, kisha kuuliza unakaa na nani. Funga vitu vyako. Elisée atapita shuleni akirudi kutoka sokoni. Mwambie Madam babu ni mgonjwa sana. Njiani msisimame Kaberebere hata kwa soda.

Babu

*

Nakivale, 19 Machi 2025

Nathalie,

U mzima? Elisée amerudi peke yake. Anasema ulimwambia una mtihani. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote. Hakuna mtihani katikati ya Machi. Nani alikufundisha jibu hilo? Madam? Yule askari? Kama umezuiwa, andika barua kwa wino mwekundu.

Babu

*

Mbarara, 29 Machi 2025

Babu yangu,

Pole kwa kukosa usingizi, najua hulali. Wino ni wa buluu, unaona. Sijazuiwa. Mtihani ulikuwa uongo wangu, nilijifunza kwako.

Nilisimama mbele ya darasa nikasema: "Ngarama sijawahi kufika. Mlima wangu siujui. Babu anaujua, lakini anaogopa kuniambia."

Kisha Shanitah akanyoosha mkono: "Madam, kwani asiye na mlima, video itampita?"

Madam akasema hapana, watanisubiri hadi juma la mwisho kabla ya likizo. Kwenye mstari wameacha nafasi yangu, kati ya Shanitah na Bob.

Babu, Wamaori huwataja hata waliokufa, ili wasimame nao. Baba nisimame naye wapi? Siji nyumbani sasa. Uongo siusemi tena.

Afande anakusalimia. Anauliza ni siku gani atakukuta nyumbani.

Nathalie wako

*

Nakivale, 2 Aprili 2025

Mjukuu wangu,

Kifua kimetulia, Mungu asifiwe, na wewe ule ushibe hata kama ni posho. Mwambie Afande nimesafiri. Kama akiuliza nimekwenda wapi, mwambie hukuambiwa. Huo si uongo, kwa maana sikuambii.

Barua yako nimeisoma shambani. Nilijaribu kulitamka jina la mlima wetu kati ya mihogo, peke yangu, na sauti ilikataa. Tangu tuvuke mpaka nilikuwa sijalitamka. Jana lilitoka. Mama Marcienne, jirani, alidhani naita mbuzi.

Mlima wetu ni Kashagala, juu ya Uvira. Una mgongo mrefu na mabega mawili. Asubuhi jua huupiga bega la kushoto kwanza, fasi ilipokuwa shule yangu, na baba yako alikuwa akishuka pale mbio, viatu mkononi, akichelewa kila siku ya Mungu. Simama naye hapo. Jina la mlima litamke polepole, wala usiinamishe kichwa.

Mto bado. Mlima watu mingi wanauona kutoka mbali, lakini anayeujua mto anaweza kuufuata mpaka mlangoni. Mwambie Madam unao, na babu yako anaendelea kufikiri.

Siku hiyo ukilitaja, usitazame kamera. Watazame wenzako usoni, mmoja mmoja, kisha uniandikie.

Babu yako wa Kashagala