Mfuniko Mwekundu wa Bi Mkubwa

Jumapili, 4 Julai 1954

Nimekwangua mfuniko wa injini ya gari letu tangu kutoka misa ya kwanza. Vidole vimevimba. Rangi ya njano ya Mwalimu Damas ilikuwa imeshika kama ukoko wa wali, na chini yake ikatokea bluu ya Luka ya mwaka juzi. Mwaka huu zamu ni yangu.

Nimeingoja zamu hii miaka miwili. Tangu tulinunue gari hili sisi wanne, kwa yule Mzungu wa misitu aliyekuwa anarudi kwao, nje limekuwa jeusi na litabaki jeusi. Luka anasema gari la Mwafrika likipendeza sana linasimamishwa kila kona. Yeye ni dereva wa lori, anawajua askari wa barabarani kuliko sisi. Lakini hakuna askari anayefungua boneti kutazama mfuniko unaofunika valvu juu ya injini. Huo ni wetu. Kila mwaka mmoja anachagua rangi na kuupaka kwa mkono wake. Nassoro peke yake hachukui zamu. Ndiye fundi, gari linalala uani kwake hapa Temeke, na anasema kazi yake iko chini ya mfuniko, si juu.

Msasa ulikwisha kabla sijafika nusu. Duka limefungwa leo. Nikachota mchanga kule kwenye kijito, nikasugulia kwa kitambaa kibichi. Umeng'aa kuliko kwa msasa. Nikasugua na ndani pia, maana nilitaka uwe safi kote. Nikauosha kwa mafuta ya taa. Mama Tereza, mke wangu, kaniuliza kama mke mwenzie ameshakoga. Gari analiita Bi Mkubwa, siku hizi na sisi tunaliita hivyo hivyo. Nimechoka.

Jumatano, 7 Julai

Ofisini hesabu ya stoo tangu asubuhi. Bwana mkubwa ana homa na hasira. Nimerudi kwa miguu.

Mkono wa tatu wa rangi umekauka juani, juu ya bati. Nyekundu. Ni masalio ya rangi iliyopakwa ndoo za kuzimia moto ofisini. Hakuna alama ya brashi hata moja. Niliutazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu mzima.

Jumapili, 11 Julai

Tumeufunga mfuniko. Nassoro aliukaza mwenyewe, taratibu, boliti moja moja. Injini ndiyo kwanza imetoka mikononi mwake: mwezi uliopita alibadilisha beringi zote za krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, siku tisa kalala chini ya gari.

Wote waliinama kuangalia. Damas alisema ni kazi safi, naye hasifu mtu bure, hata wanafunzi wake. Luka akasema Mngoni kapaka rangi ya ndoo ya moto kwa sababu anajua nyumba alizochoma babu yake Uheheni. Nikamwambia mtani wangu huyu Mhehe, afadhali ndoo ya moto kuliko sufuria lenye nyama ya mbwa. Tukacheka mpaka mke wa Nassoro akatoka kutazama kuna nini.

Sina mahali pengine ninapocheka hivi. Ofisini hakuna. Jamaa zangu wako Songea. Jumapili za uani kwa Nassoro ndizo nilizo nazo hapa mjini.

Tumekubaliana Jumapili ijayo twende Kibamba, shambani kwa shemeji yake Damas.

Jumapili, 18 Julai

Siku mbaya.

Kwenda tulikwenda vizuri. Vumbi tu. Shemeji alitupa mihogo na madafu. Tulipogeuza kurudi injini ikaanza kugonga. Kidogo, halafu sana. Nassoro alimwambia Luka asimamishe. Luka akasema afike kwenye kivuli kwanza. Hatukufika. Injini ikakwama, ikazimika, na haikuzunguka tena hata kwa hendeli.

Tulisukuma, tukapumzika, tukasukuma. Shati la kanisani limekwisha. Mwisho likapita lori la mkaa, dereva anamjua Luka, akatufunga kamba. Tulikokotwa hivyo mpaka Temeke. Njiani Luka alisema mara moja tu, bila kumtazama mtu:

"Beringi hizi zina mwezi mmoja."

Nassoro alikuwa anatazama nje.

Jumatatu, 19 Julai

Mgongo. Nimefanya kazi nimesimama.

Alhamisi, 22 Julai

Nilipita kwa Nassoro baada ya kazi. Alikuwa ameshafungua injini chini, na Luka na Damas walikuwapo. Beringi zimelika zote, zimekwaruzika mistari mistari. Krenki nayo imekwaruzika. Nassoro alichovya kidole kwenye mafuta yaliyobaki, akayasugua, akajifuta mkono kwa tambara.

Damas alimuuliza kwa upole, kama anavyouliza mtoto aliyekosa hesabu, kama labda alizikaza mno. Nassoro akasema labda.

Labda! Mtu huyu katengeneza malori tangu kabla ya vita, na anasema labda.

Luka hakumtania wala hakumtukana. Mimi ningekuwa nimekosa angenimaliza kwa maneno, tungecheka, basi. Lakini Nassoro ni Mmatumbi, si mtani wake, na alichofanya Luka ni kumwambia "haya, fundi" na kuchukua kofia yake. Lilikuwa neno baya kuliko tusi.

Mimi nilichukua mfuniko wangu nikaja nao nyumbani, maana ulikuwa umelowa mafuta na nilitaka kuusafisha rangi isiharibike.

Ijumaa, 23 Julai

Naandika ili nisijidanganye baadaye.

Ndani ya mfuniko kuna kibati kimechomelewa, cha kuzuia mafuta yasiruke nje kwenye tundu la kupumulia. Nyuma yake kuna nafasi, unene wa kidole. Jana sikuiona. Leo nimeugeuza juu ya gazeti nikaugonga kwa kiganja. Ukamwagika mchanga. Nikagonga tena. Ukamwagika tena.

Ni mchanga wangu wa kijitoni. Mafuta ya taa yaliusukuma nyuma ya kibati badala ya kuutoa, na injini ilipopata moto mafuta yake yakauosha kidogo kidogo mpaka chini. Beringi za Nassoro hazikuwa na kosa lolote. Nimeiua injini mimi, kwa usafi wangu.

Nilikunja gazeti nikalitupa chooni. Mama Tereza aliniita kula mara mbili.

Jumapili, 25 Julai

Nilikwenda na nia ya kusema. Nimerudi sijasema.

Tulikutana kwa Luka, si kwa Nassoro. Hiyo peke yake ilitosha kunifunga mdomo. Luka anataka gari likokotwe mpaka Kariakoo kwa fundi mwingine. Damas kakubali, kwa huzuni lakini kakubali. Wakanitazama mimi. Nikasema tungoje. Nikaulizwa tungoje nini. Nikainua kikombe.

Halafu Luka akaeleza kwamba habari imefika kwa madereva wenzake. Yule wa lori la mkaa kasimulia kila alipopita. Wenye malori mawili waliokuwa wampelekee Nassoro kazi wameghairi. Luka alieleza bila furaha, sitaki kumsingizia. Lakini alieleza, na mimi nilikuwa nakunywa kahawa yake.

Najiona mtu mdogo.

Jumatano, 28 Julai

Silali vizuri. Ofisini nimeandika risiti moja mara mbili. Mama Tereza kasema kama ni mwanamke nimwambie. Nilitamani iwe mwanamke.

Kinachoniogopesha si hasira yao. Luka ana lori na watu wa kila stesheni. Damas ana shule na parokia. Nassoro ana mikono yake. Mimi nilikaribishwa uani pale kwa sababu napaka vizuri, na sasa hata hilo si kweli.

Ijumaa, 30 Julai

Nimepita mbele ya kwa Nassoro. Geti la mabati limefungwa mchana. Halijapata kufungwa mchana tangu nimjue. Sikubisha.

Jumapili, 1 Agosti

Nimesema.

Sikuungama kanisani. Nilisimama kwenye foleni ya padri, nikatoka, maana si padri niliyemkosea. Nikaenda moja kwa moja. Mke wake akanifungulia. Nassoro alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya gari, anasuka ukili wa mkeka. Fundi mzima anasuka ukili. Nilisahau hata kuitikia salamu.

Nikamweleza yote, msasa, kijito, kibati, gazeti chooni. Nilieleza vibaya, nikirudia. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaendelea kusuka kidogo, kisha akasema:

"Mie nilijua."

Tangu Alhamisi ile. Alipochovya kidole kwenye mafuta alisikia chembe, na alijua injini yake haikuwa na mchanga alipoifunga, na kitu kilichofungwa baada ya hapo ni kimoja tu, mfuniko wangu.

Nikamuuliza mbona hakusema. Nilimuuliza kwa ukali, aibu yangu naitupa kwake. Wateja wamemkimbia, Luka anamwita fundi kwa dharau, geti limefungwa, na yeye kakaa kimya siku kumi.

Alinijibu bila haraka. Nayaandika kama alivyosema.

"Mie wakinisusa, watarudi. Gari likifa watanitafuta tu, wapende wasipende. Wewe wakikususa, Karani, nani atakutafuta?"

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningestahimili. Alisema kama mtu anayetaja kipimo cha spana. Nami hofu hiyo nilikuwa nimeshaiandika humu kwa mkono wangu Jumatano, na bado kuisikia kwa mtu mwingine kulinikata.

Nililia uani kwa mwenzangu, mtu wa miaka arobaini na sita. Akanipa tambara la kujifutia lililonuka grisi. Mke wake akaleta uji.

Kabla sijaondoka alisema niwaambie wenzetu mwenyewe au nisiwaambie, yeye hatasema. Hilo ndilo lililoniamulia.

Jumatatu, 2 Agosti

Nimewaambia. Niliwapata kwa Luka alasiri, Luka anaosha tairi, Damas karudi na madaftari.

Damas alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Akasema, "Wiki mbili, Karani." Ni siku kumi, lakini sikumsahihisha.

Luka aliacha tambara ndani ya ndoo. Nilingoja anitukane. Niliombea anitukane, ukoo wangu wote, ng'ombe wote walioibwa na Wangoni. Aliniambia tu "asante kwa kutuarifu." Kama ofisini. Halafu akaingia ndani kuvaa viatu, na Damas akamfuata. Nikawaona wanaelekea kwa Nassoro, wanatembea haraka, Damas bila kofia.

Nilibaki na ndoo yao. Nikaimwaga, nikaifudikiza, nikarudi nyumbani.

Alhamisi, 5 Agosti

Hakuna aliyepita.

Mama Tereza anajua sasa. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba mchanga hata kwenye mchele unahitaji kuchaguliwa mara mbili, na mimi nikamjibu vibaya, kisha nikamwomba radhi.

Mfuniko uko chini ya kitanda. Sitaki kuuona.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimemwona dereva wa lori la mkaa sokoni. Nilimsimamisha nikamweleza kosa lilikuwa la nani. Alinicheka sana. Akasema atawaambia wenzake wote, na huyo namwamini, atawaambia. Kesho Temeke nzima itanijua karani wa mchanga. Sawa. Nassoro apate malori yake.

Miguu inauma. Nimezeeka mwezi huu.

Jumapili, 8 Agosti

Misa. Nyumbani. Nikala.

Nilikaa barazani nimevaa nguo safi. Nilijiambia napunga upepo, lakini nilikuwa nangoja. Saa sita, saa saba. Kila aliyepita na baiskeli nilimtazama. Saa nane ikafika. Hakuna aliyenifuata. Nassoro alisema kweli.

Nikaingia ndani nikavua nguo safi, nikavaa za kazi. Nikaenda mwenyewe.

Geti lilikuwa wazi. Mbele yake limeegeshwa lori moja, geni. Injini ya Bi Mkubwa imelazwa juu ya magunia, Luka kashika upande mmoja, Nassoro yumo ndani yake mpaka viwiko, Damas anasoma namba za beringi kwa sauti. Nilisema hodi. Damas akaitikia karibu na kuendelea kusoma. Luka hakugeuka.

Nilisimama. Ni muda mrefu kusimama katika ua wa watu wanaofanya kazi.

Halafu Nassoro, bila kuinua kichwa, akanisukumia kwa mguu beseni la mafuta ya taa, na ndani yake boliti za injini nzima, chafu, na brashi ya meno iliyokwisha. Luka akasogeza goti lake ili nipate mahali pa kukaa.

Nikakaa. Nikaosha boliti, moja moja, nikazipanga kwenye gunia. Zilipokwisha nikamwaga yale mafuta, nikatia mengine, nikaziosha tena zote.