Ng'ombe Asiye na Ndama

Isiolo, Jumanne

Na bado wataniambia nivumilie.

Wazee waliamua kwamba, kwa kuwa Halkano amefungwa kwa tuhuma za ushifta, yaani uasi wa silaha, baba yake, Guyo, amlishe mtoto ambaye kijana huyo alimzaa na binti yangu Kabale. Atoe ng'ombe wa maziwa. Leo alimleta, akamfunga mlangoni pangu bila ndama.

Kabale alikamua mpaka vidole vikamuuma. Hata tone halikutoka. Ng'ombe wa huku kwetu hashushi maziwa asipomwona ndama wake, na Guyo analijua hilo tangu utotoni.

"Ndama yuko wapi?" nilimuuliza.

"Wazee walisema ng'ombe, Mzee Dida. Hawakutaja ndama."

"Mtoto huyu ni damu yako."

"Damu yangu iko jela. Kundi langu lilipigwa risasi na askari, nikabaki na hawa wawili tu. Nikitoa na ndama, Halkano akitoka atakuta nini?"

Ana hoja, na hilo ndilo linaloniudhi. Kabale ana miaka kumi na sita, na maziwa yake mwenyewe yamekauka.

Mtoto amepewa chai ya rangi, amelala. Ng'ombe ndiye ambaye hajanyamaza. Anamwita ndama wake.